Kwilti yangu siuzi, na mtoto sijamnyima kitu

Nilituma picha moja tu kwenye grupu letu la kina mama. Mimi na binti yangu tumesimama mbele ya Makumbusho ya Kimataifa ya Kwilti, yale mablanketi ya vipande vya vitambaa vilivyoungwa kwa kushonwa, pale Lincoln, Nebraska, huku Marekani, siku tuliyoenda kukiangalia Chuo Kikuu cha Nebraska. Haikuchukua muda dada mmoja akaandika, "Sasa hapo umempeleka mtoto chuo au umeenda kutalii mablanketi?" Wakafuata wa kucheka, wakafuata wa kuuliza hayo mablanketi yanauzwa bei gani, na mwingine akanishauri kwa upole kabisa kwamba mtoto akiwa mwaka wa mwisho wa sekondari mama anatakiwa aweke mambo yake pembeni kwanza. Nikaandika jibu nikafuta, nikaandika tena nikafuta. Nimekuja kuliandika hapa ambapo napata nafasi ya kumaliza sentensi.

Mama kuwa na kitu chake anachokipenda, ambacho hakimwingizii hela na hakimlishi mtu, si kosa. Na si kitu cha kuombea ruhusa.

Mnaonijua mnajua ninavyoishi. Kazi yangu ni usiku, kulea wazee, nikirudi asubuhi nampeleka mdogo shule, nalala, naamka, napika, na katikati ya hayo yote kuna ile meza karibu na dirisha yenye cherehani, mkasi, pasi na boksi la vitenge. Pale ndipo nakaa nikipata nafasi. Sikuzaliwa nikijua kwilti, kwetu Tanga bibi alikuwa anashona vitambaa vya makochi kwa kroshia na mashuka ya kudarizi, kwilti nimefundishwa hapahapa Iowa na mama mmoja mzee niliyekuwa namhudumia, ambaye mikono yake ilikuwa imeshindwa kushika sindano lakini mdomo wake ulikuwa unakumbuka kila kitu. Alikuwa ananiambia kata hapa, hapana, rudia, mshono wa robo inchi ni robo inchi. Nikaanza na vitambaa vya pamba vya hapa, nikahamia kwenye vitenge, na vitenge vina ukaidi wake. Kitenge kipya usipokifua kwanza ukatoa ule wanga, sindano inapita kwa shida na rangi inakuja kuchuja baadaye kwenye kipande cheupe cha jirani. Halafu maua na ndege waliochorwa ni wakubwa, ukikata vipande vidogo kama wanavyokata wazungu yule ndege anabaki mkia tu, kwa hiyo inabidi ukate vikubwa na uamue kabla ya kukata ni nini unataka kionekane. Saa nzima inaweza kupita nimesimama na chaki mkononi nawaza hilo tu. Simuwazi mtu, siwazi bili, nawaza ndege.

Turudi kwenye chuo. Binti yangu anataka uhandisi wa kilimo, na hapa naomba nieleweke, ni yeye anayetaka, mimi nilikuwa sijui hata kama kuna kitu hicho. Nebraska wana kampasi mbili, ya mjini na ile ya mashariki ambayo ndiyo ya kilimo, na basi linazunguka kati yake. Asubuhi tulizungushwa ile ya mjini na mwanafunzi anayetembea kinyumenyume huku anaongea, tukaonyeshwa maktaba, tukaonyeshwa uwanja wao wa mpira wa Kimarekani ambao tiketi za mechi za nyumbani zinaisha zote tangu 1962. Tangu 1962! Siku hizi ni watu elfu themanini na kitu, kila mechi. Nikawa najiuliza hao kina baba wanaoendesha gari masaa matatu kwenda kukaa kwenye baridi kuangalia mpira, kuna anayewauliza watoto umewaachia nani? Na wa kwetu je, wanaoamka alfajiri Jumamosi kuangalia Arsenal, au wanaotafuta linki ya Simba na Yanga wakiwa kazini, nani amewahi kuwaambia mwaka huu mtoto anaingia chuo weka mpira pembeni? Hakuna. Mwanaume akiwa na kitu chake tunasema anapumzisha akili. Mwanamke akiwa na kitu chake tunaanza kuhesabu ni saa ngapi amewaibia wanawe.

Mchana tukaenda kampasi ya mashariki, na huko kila mtu alipata chake. Binti yangu alitaka kuona matrekta. Mwaka 1919 Nebraska walipitisha sheria kwamba hakuna aina ya trekta inayouzwa ndani ya jimbo mpaka ipimwe kwanza, kwa sababu wakulima walikuwa wamechoka kuuziwa mashine zisizofanya kile muuzaji alichosema, na aliyeipeleka hiyo sheria bungeni alikuwa mkulima mwenyewe aliyepata hasara ya trekta bovu. Upimaji ukaanza 1920, trekta la kwanza kupita kwenye mtihani lilikuwa Waterloo Boy, limetengenezwa kwetu hapahapa Iowa, na jengo lile la mwanzo sasa ni makumbusho ya matrekta. Nilimwona mtoto wangu amechuchumaa kuangalia chini ya mashine yenye umri wa bibi wa bibi yake, amesahau kwamba mimi nipo. Baadaye alikuwa na miadi ya kuongea na mwalimu wa idara. Akaniambia, "Mama, naomba niingie peke yangu." Nikamwambia sawa, mimi naenda kwenye kwilti zangu, ukimaliza nipigie.

Hapo ndipo nilipoenda makumbusho. Sikumwacha mtoto barabarani. Yeye alikuwa kwenye shughuli yake na mimi kwenye yangu, umbali wa kutembea kwa miguu.

Sasa jamani, lile jengo. Lilifunguliwa 2008, lakini kazi ilianza 1997, pale Ardis na Robert James, wenyeji wa Nebraska, walipokipa chuo kwilti karibu elfu moja walizokuwa wamezikusanya. Chuo kikazipokea, kikazitunza, kikaweka hadi masomo ya shahada ya uzamili ya historia ya nguo yenye mkazo kwenye kwilti, na leo wana maelfu, kutoka nchi zaidi ya 60. Ndani taa wanazipunguza kwa sababu mwanga unakula rangi. Unaingia kimyakimya macho yanazoea taratibu, halafu unaona.

Nilisimama sana mbele ya moja ya Log Cabin. Ni ule mtindo wa kipande kidogo chekundu katikati halafu vitambaa vyembamba vinazungushiwa, upande mmoja vya rangi za mwanga, upande wa pili vya rangi za giza, ukiviunganisha vingi inatokea michoro mikubwa ambayo kwenye kipande kimoja huioni. Nikasogea mpaka kwenye kamba. Kule chini pembeni aliyeishona alikuwa ameishiwa kitambaa cha kahawia. Akatafuta kahawia nyingine, karibu ileile lakini si ileile, ina vidoti vidogo, akaunga kwa mishono midogo sana kama anaona aibu. Mie nikatokwa na machozi palepale. Sijui jina lake, amekufa zamani, lakini najua kabisa ile jioni yake, najua alivyovigeuza vile vitambaa vyote vya kwenye boksi mara mbilimbili kabla ya kukubali. Nimeshakaa pale alipokaa.

Halafu narudi kwenye simu naulizwa yanauzwa bei gani.

Hili la kuuza ndilo linaloniumiza zaidi. Kila nikimaliza kwilti, sentensi ya kwanza ni "unauza?" na ya pili ni "ungefungua biashara." Wanasema kwa nia njema, najua. Ila sikilizeni maana yake. Maana yake ni kwamba mikono ya mwanamke ikishika kitu lazima kitoke na hela au kitoke na chakula, vinginevyo amekaa bure. Mimi mikono yangu nimeshaiuza usiku kucha kwa saa, inageuza wagonjwa, inafua, inalisha. Iliyobaki naomba niachiwe.

Kuna mwanamke anaitwa Harriet Powers. Alizaliwa utumwani Georgia mwaka 1837. Baada ya uhuru alishona kwilti ya hadithi za Biblia, picha 11 za vitambaa, Adamu na Hawa, Kaini na Abeli, Yakobo na ngazi yake, akaionyesha kwenye maonyesho ya pamba ya Athens, Georgia, mwaka 1886. Mwalimu mmoja wa sanaa, Jennie Smith, alipoiona akaitaka, Harriet akakataa kuiuza kwa bei yoyote. Miaka ikapita, maisha yakabana, akaibeba mwenyewe kumpelekea yule mwalimu, akaomba dola 10, akapewa 5. Akamweleza kila picha ina maana gani, akaondoka. Na baadaye alikuwa anarudi kuitembelea. Kuitembelea! Kama mtu anayemtembelea mtoto aliyelelewa kwingine. Leo ipo makumbusho ya Smithsonian, Washington, na nyingine yake ipo makumbusho ya sanaa ya Boston. Kwa hiyo mkiniuliza kwa nini siuzi, fikirieni yule mama njiani anarudi nyumbani na dola tano. Shida ilimlazimisha. Mimi mwaka huu, namshukuru Mungu, shida hiyo haijanifika, sasa kwa nini nijilazimishe mwenyewe?

Sikatai kwamba kuuza kumewasaidia watu. Wilcox County, Alabama, mwaka 1966, kina mama weusi walianzisha ushirika wao, Freedom Quilting Bee, wakati ambao kule mtu mweusi kujiandikisha kupiga kura tu kulitosha kumpotezea shamba na nyumba, na hela za kwilti zilikuwa na kazi kubwa. Hilo nalipa heshima yake. Na najua pia vitambaa vya hapa ni ghali, yadi moja inapita dola kumi kwa urahisi, na kuna wenzetu wenye kazi mbili na watoto wadogo ambao hata usingizi wanaukopa, siwezi kuwaambia watafute hobi. Sawa. Lakini angalieni hao hao kina mama wa Alabama, wa kijiji cha Gee's Bend, walioshona kwa sababu ukuta una nyufa na watoto wanasikia baridi. Walikuwa wanachana suruali za kazi zilizochakaa, goti limepauka, mfuko umeacha alama ya buluu iliyokoza pale ulipokuwa, na bado walikaa wakaamua hii buluu ikae hapa na ule mstari mwekundu uende pale. Baridi haikuwaambia wapange rangi. Kipande chochote kingeziba. Walipanga kwa sababu walitaka wenyewe kuona kitu kizuri, na mwaka 2002 zile kazi zikatundikwa makumbusho ya Houston na New York, na 2006 posta ya Marekani ikazitoa kwenye stempu.

Kuna jambo jingine ambalo kwenye grupu tunalikwepa. Tumekuja huku, tumeacha mama zetu, tumeacha kazi tulizosomea, na kila kitu tulichokosa tumekitwika watoto. Mtoto anakuwa mradi. Nimeona wasichana wetu wazuri, wenye akili, wanasomea unesi huku hawaupendi, kwa sababu mama nyumbani hana kingine chochote cha kusubiri isipokuwa ile siku ya joho. Ukimuuliza mama unapenda nini anasema napenda wanangu. Na mtoto anausikia huo uzito, anaubeba mpaka kwenye chumba cha mtihani. Mimi ningekuwa sina cha kwenda kuangalia siku ile, naapa ningeingia naye kwenye ile ofisi, ningejibu maswali kwa niaba yake, ningeuliza ajira na mishahara kabla yeye hajauliza chochote kuhusu udongo. Aliingia peke yake kwa sababu nilikuwa na pa kwenda.

Na alitoka anacheka, anaongea haraka haraka kuhusu mashine zinazojiendesha shambani na vipimo vya unyevu, nikamwambia twende kwanza nikuonyeshe ile kahawia. Alikuja akaangalia kwa muda, akasema, "Kwa hiyo alikosea?" Nikamwambia hapana, aliishiwa. Akasogea tena akaangalia vizuri. Halafu tukaenda kula aiskrimu ya chuo, wana duka lao la maziwa hapohapo kampasini, na tukapiga hesabu ya ada ya mtu anayetoka nje ya jimbo, hesabu ambayo sitaiweka hapa leo maana inahitaji makala yake.

Kwa hiyo dada yangu uliyeuliza, nakujibu. Nilimpeleka mtoto chuo na nilienda kuangalia kwilti, yote mawili, siku moja, na gari lilikuwa moja. Bado ni mwanangu na bado ni mama yake.

Ameniomba nimshonee moja ya kupeleka bweni. Nimekubali kwa moyo wote, nimeshaulizia vipimo, vitanda vya mabweni mengi ya huku ni virefu kidogo kuliko vya kawaida, inchi 80, kwa hiyo ukishona ya inchi 75 miguu inabaki nje. Ila nimemwambia itasubiri. Iliyopo kwenye meza sasa hivi ni ya vitenge vya buluu na chungwa, bado haijatiwa pamba ya katikati wala kitambaa cha mgongo, na hiyo ni ya kitanda changu.