Sikulia, Ilikuwa Chaki

Kwanza kabisa: sikulia. Najua mmekwisha kusikia ile sauti ya dakika nne inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, ya yule mtu niliyekuwa nikimwita ndugu, tuliyekula naye bukari (ugali wetu) sahani moja miaka miwili. Anasema nililia, nikashika miguu ya profesa, nikazimia. Kuzimia sikuzimia. Miguu sikuishika. Na yale maji ya machoni, yeyote aliyewahi kufuta ubao kwa mkono wa koti anajua vumbi la chaki linavyofanya.

Mengine yote aliyoyasema ni kweli, ndiyo maana nina hasira.

Mnaonifahamu mnajua kazi yangu ya jioni. Wadogo wa mwaka wa kwanza wanakuja chini ya mwembe, nyuma ya nyumba tunayopanga, ninawafafanulia integrali, ile hesabu ya kurudi nyuma kutoka derivati (kasi ya kubadilika) mpaka kwenye kitu chenyewe. Kila mmoja franki elfu mbili, asiye nazo analeta matamba (majani ya muhogo) na bitoyo (samaki wakavu). Nilikuwa mwalimu mkali. Mtoto akisahau kuandika ile +C mwishoni, yaani konstanti, namba isiyobadilika ambayo integrali isiyo na mipaka lazima iongezewe, nilipiga kofi moja kwa viganja vyangu, pa, nikamwuliza mbele ya wenzake: “Na konstanti, umeiacha kwa mama yako?” Watu hoi. Aliyekuwa akicheka kuliko wote ni yule ndugu, ambaye kila jioni alikuwa hapo hapo mwembeni akimaliza bitoyo vyangu. Nilidhani anacheka tu. Kumbe anaweka akiba.

Sasa Jumanne. Baridi ya Juni, ile inayofanya Lubumbashi nzima itembee mikono mifukoni. Usiku wake umeme ulikuwa umekatika, nikasoma kwa tochi ya simu mpaka simu ikafa, na kitu cha mwisho nilichokiona kabla ya giza ni ule ujanja wa integrali inayorudi. Watu wa hesabu mnaujua: una e kwa kipeo x mara kosaini ya x, unaifanya sehemu kwa sehemu (ile kanuni ya integrali ya vitu viwili vinavyozidishana) mara mbili, halafu integrali ile ile uliyoanza nayo inakurudia kama deni. Unaivusha upande wa pili, unagawa kwa mbili, kazi imekwisha. Nililala nikiipenda. Niliiota.

Asubuhi profesa akaniita ubaoni. Swali lenyewe lilikuwa la kuamsha watu tu: integrali ya moja juu ya x. Jibu ni mstari mmoja. Logarithimu asilia ya x, ongeza konstanti, rudi kakae. Mtoto wa mwembeni angelitoa huku anatafuna.

Lakini mimi nilikuwa nimevaa koti.

Koti la bluu, la kuazima kwa mwenzangu wa chumba. Mtu aliyevaa koti hawezi kuandika mstari mmoja akakaa. Nikasema kwa Kifaransa cha redioni: “Profesa, ukiniruhusu, nitaifanya sehemu kwa sehemu.” Akanitazama kitambo. Akasema, “Fanya.” Jamani, mwalimu akikwambia “fanya” kwa upole wa namna ile, rudisha chaki ukae.

Hapa naomba twende polepole, maana mimi mwenyewe tangu Jumanne nikifumba macho inapita polepole.

Nikachora alama ya integrali. Leibniz alipoibuni mwaka 1675 ilikuwa herufi S tu, ya neno la Kilatini summa, akaivuta ikarefuka. Mimi niliivuta kumshinda, ikasimama ubaoni kama bomba la moshi la Gécamines, kampuni yetu ya migodi. Nikaandika: u ni moja juu ya x, v ni x. u mara v ni x juu ya x, yaani moja. Nikaiandika ile moja, imenyooka, nzuri. Kisha toa integrali ya v mara derivati ya u. Derivati ya moja juu ya x ni hasi moja juu ya x mraba. Toa na hasi zikakutana, zikawa jumlisha, na hapo, Mungu anisamehe, niligeuka nikawatabasamia watu. x juu ya x mraba: moja juu ya x. Ikarudi! Integrali yangu ya ndotoni, upande wa kulia wa alama ya sawa, imekuja na ile moja mkononi kama mtu anayeleta zawadi.

Sikufikiri. Aliyefikiri ni mkono. Integrali kushoto, integrali kulia, nikazikata zote mbili, kwii, kwii, chaki ikalia oditwari nzima. Kushoto hakikubaki kitu. Kulia ikabaki moja.

Nikaandika: 0 = 1.

Nikaizungushia kiboksi. (Wewe wa Katuba unayecheka, nakuona. Subiri, bado.) Nikakizungushia kiboksi hicho kiboksi kingine. Chini yake nikaandika CQFD, zile herufi ambazo mwanafunzi anayesoma kwa Kifaransa huziweka akishathibitisha alichotakiwa kuthibitisha. Nikaweka na nukta. Nikapangusa mikono kwenye koti la watu.

Oditwari kimya. Nikasema moyoni: wameguswa.

“Tusomee mstari wa mwisho,” profesa akasema.

“Sifuri ni sawa na moja.”

“Wa nyuma hawakusikia.”

“Sifuri ni…” Ni kwenye sifuri ile ya pili ndipo masikio yangu yalipoanza kusikiliza kinywa changu. Nilihisi joto linapanda kutoka kwenye kola. Baridi yote ya Juni ilikwenda wapi, sijui.

Profesa akaja mbele, taratibu, miwani mkononi. “Hii ni habari njema kwa mji wetu,” akasema. “Zidisha pande zote kwa tatu. Kwa hiyo Desemba 2010, kule Abu Dhabi, Mazembe hatukufungwa na Inter tatu bila. Ilikuwa sare.” Kuna mtu, lazima ni wa Kamalondo, mtaa wa Mazembe, alipiga makofi. “Sasa zidisha kwa ishirini.” Nami, kama mbuzi anayefuata kamba, nikazidisha. Nikaandika kabisa: 0 = 20. “Basi nakupa sifuri juu ya ishirini. Wewe mwenyewe umethibitisha kwamba hiyo ni distinksioni kubwa kupita zote. Hongera.”

Watu walicheka mpaka benchi zikasogea. Ningeondoka hapo ningekuwa na aibu ya kawaida, ya wiki moja. Lakini yeye ni mwalimu, lazima afundishe. Akachukua chaki. Ningeweka mipaka, akasema, tuseme kutoka 1 mpaka 2, ile moja ingekuwa moja toa moja, sifuri, na amani ingekuwepo. Bila mipaka, integrali mbili zenye sura moja si lazima ziwe kitu kimoja. Zinaweza kupishana, na huwezi kuzikata kama nyasi. Akaugeukia ukumbi: “Kuna kitu kimoja amekisahau. Kiko wapi?”

Safu ya saba. Yule ndugu akasimama. Hakuwa na haraka. Alinitazama machoni, akapiga kofi moja.

Pa.

“Ameiacha kwa mama yake!”

Ndiyo, profesa naye alicheka. Chaki ilimdondoka.

Basi. Mwenye koti hataki kulipokea mpaka lifuliwe kwa sabuni ya unga. Promosioni nzima, yaani wenzangu wote wa mwaka, inaniita Constantin, hata mama muuza mkate wa getini. Jana mwembeni walikuja watoto wawili tu, na hawakuleta daftari, walikuja kutazama.

Na leo asubuhi mama amepiga simu kutoka Likasi. Binamu yangu alikwisha mchezea ile sauti, lakini mama hesabu aliziacha zamani, akashika alichokielewa.

“Mutoto, banasema uliacha kintu huku kwangu.”

“Kintu gani, mama?”

“Ile konstanti yako. Nilitafuta chini ya kitanda, nikafungua na valizi yako. Ni soksi tu niliona. Iko ya bei?”

Nimemwambia hapana, si ya bei, lakini akiiona asiitupe.