Daftari la Madeni Likihamia Mtandaoni

Jumatatu ya Mei 13, 2024, fundi mmoja alifika asubuhi dukani kwa dada yangu, Mbagala, Dar es Salaam, kuchukua nondo kumi za milimita 12 na mifuko sita ya saruji. "Dada, niandikie, nalipa Ijumaa," alisema kama alivyozoea. Dada akafungua kwenye kompyuta mfumo wa mtandaoni anaotunzia mauzo na madeni. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, ukurasa haukufunguka. Siku moja kabla, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania nzima na kwa majirani kadhaa. Kwamba fundi anadaiwa, dada alijua. Anadaiwa kiasi gani, ulijua mfumo peke yake. Akampa saruji, akamnyima nondo. Fundi aliondoka amenuna, na sikumlaumu.

Nimeikumbuka asubuhi ile mara nyingi kwa sababu mimi ndiye niliyemshawishi dada ahamie kwenye mfumo huo wa mtandaoni. Bado nasema hakukosea kuhama. Kosa letu ni kwamba tulihamisha vitu viwili kwa mpigo, kumbukumbu za duka na uwezo wa kuuza, na hicho cha pili kilitakiwa kibaki kaunta.

Nieleze kwanza kwa nini alihama. Zamani hesabu zake zilikaa kwenye kompyuta moja tu, ndani ya programu aliyoinunua mara moja na kuimiliki. Haikuhitaji bando wala malipo ya kila mwezi. Siku diski ya kompyuta ile ilipokufa, mauzo ya miezi kumi na minne yalikwenda nayo, kwa sababu flashi ya nakala ilikuwa imesahaulika kwenye droo. Hapo hakuna kampuni ya kulaumu. Mwenye duka dogo anafungua saa moja asubuhi na kufunga saa mbili usiku. Kutunza nakala ni kazi inayosubiri kesho kila siku. Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua usiku wa Julai 10, 2021, yeyote aliyekuwa ameliacha daftari lake la madeni humo ndani hakuwa na pa kuanzia kudai. Kwa majanga ya namna hiyo, programu iliyo kwenye seva, yaani kompyuta zilizo mbali na duka, inashinda daftari na inashinda kompyuta ya dukani. Hilo sibishani nalo.

Faida ya pili ni ya watu zaidi kuliko mitambo. Dada alikuwa hawezi kusafiri kwenda msibani bila kurudi na maswali. Sasa kila mauzo yanabeba jina la aliyeuza na saa aliyouza, naye akiwa Iringa anayaona kwenye simu. Kijana wa kaunta naye amepona kushukiwa bure, na nadhani hilo ndilo lililoleta amani zaidi dukani kuliko ripoti zote za faida.

Upande wa pili una mambo mazito vilevile, na wauzaji wa mifumo huyapita haraka. Nyaya kukatika ni moja tu. Uganda ilizima intaneti kwa siku kadhaa Januari 2021 wakati wa uchaguzi, na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ya Tanzania nayo ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mwenye duka hana sauti katika hayo, lakini hasara ni yake. Taarifa zake ziko salama kabisa huko ziliko, ila mlango umefungwa kwa nje.

Halafu kuna dola. Huduma nyingi za aina hii hutozwa kwa dola. Chukua ya dola 20 kwa mwezi: mwanzoni mwa 2023, dola ikiwa karibu shilingi 2,300, mwaka mzima ni shilingi 552,000. Kwa dola ya shilingi 2,700, bei iliyofikiwa na kupitwa mwaka 2024, huduma ileile ni 648,000. Shilingi ilipata nguvu baadaye, lakini duka la saruji halipangi bei kwa kubahatisha soko la fedha. Na ukiacha kulipa, hubaki na programu ya zamani ya kutumia kama ilivyokuwa ile ya kompyuta. Unabaki nje.

Linaloniumiza zaidi, hata hivyo, ni jambo dogo ambalo halina uhusiano na bahari wala dola. Akaunti ya dada ilifunguliwa na kijana aliyekuja kuusimika mfumo, kwa barua pepe yake na namba yake ya simu. Alikuwa mwaminifu, alitaka tu kumaliza kazi jioni ile. Baadaye akahamia Dodoma, akabadilisha laini. Dada aliposahau nywila, ujumbe wa kuibadilisha ulikuwa unakwenda kwenye namba iliyokufa. Ilichukua siku kumi na moja kuthibitisha kwamba duka ni lake. Leseni anayo, TIN (namba ya mlipakodi) anayo, mkataba wa fremu anao, na bado mbele ya mfumo alikuwa mgeni. Majina na namba za simu za wadaiwa wake wote zilikuwa chini ya akaunti ya mtu mwingine. Hizo ni taarifa binafsi, na tangu Mei 1, 2023 zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, yenye masharti hata ya kuzipeleka nje ya nchi. Mwenye duka ndiye anayewajibika kwazo.

Kwa hiyo, nikiulizwa leo, sianzi na bei. Nauliza programu inafanya nini intaneti ikikatika. Zipo zinazoendelea kurekodi mauzo kwenye simu au tableti na kuyapandisha mtandao ukirudi. Loyverse ni mfano mmoja. Isiyoweza hivyo haifai kaunta ya Mbagala, hata iwe nzuri vipi. Swali la pili ni akaunti iko kwa jina la nani, na la tatu nampa muuzaji mwenyewe: nikikatisha leo, unanirudishia taarifa zangu zote katika faili ninaloweza kulifungua mahali pengine? Dada alipouliza hivyo mara ya kwanza, muuzaji wa kwanza alijibu kwa kubadilisha mada. Wa pili aligeuza kompyuta, akabonyeza mara mbili, faili la Excel likashuka palepale, na huyo ndiye aliyepata kazi.

Siku hizi kila Jumamosi jioni, kabla ya kushusha geti, dada anachapisha orodha ya madeni. Ni kurasa nne au tano, anazibana kwa pini na kuziweka chini ya mashine ya risiti. Fundi yule wa nondo yuko ukurasa wa pili.