Bendi za hoteli tunazionea

Ubishi wa nani anastahili kuingizwa kwenye jumba la heshima la muziki huku Mombasa unanoga, ingawa jumba lenyewe hatuna. Taja Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab, kila mtu anaitikia. Taja Zein l'Abdin, wa taarab naye, hivohivo, hapo hapana mjadala. Sasa jaribu kutaja Them Mushrooms, bendi ya hotelini, uone, utaambiwa "aah, si wale wa kuwaimbia wazungu", na kesi imefungwa hapo, kahawa inamiminwa nyengine.

Wanaosema hivo hoja wanayo, tusiwaonee. Bhalo alikuwa akiimba mashairi ya Ahmad Nassir, binamu yake, vina na mizani imekaa sawa, kuna wazee mpaka leo wanayo yote kichwani. Zein, mzaliwa wa Lamu, alishika udi wake, ile ala ya nyuzi, akazirudisha tungo za zamani masikioni mwa watu. Na arusini ubeti mmoja ukimgusa mama anainuka na noti yake mkononi kwenda kutunza, na ukumbi mzima unajua yule mama hapo anamjibu nani! Mtalii na sahani yake ya bufee atakujibu nini? Atapiga makofi, ataenda kulala, Jumamosi anapanda ndege kwao.

Sawa. Lakini hebu tuwatazame hawa jamaa wenyewe. Them Mushrooms ni ndugu, kina Harrison, wameanza 1972. Teddy Kalanda ndo alotunga Jambo Bwana, ukatoka mwanzoni mwa miaka ya 80, na kufika 1983 Boney M wa Ujerumani washatoa wa kwao. Watu wanaucheka ati ni mwepesi, maneno ni ya salamu tu. Si ndo ufundi wenyewe huo, kumfanya mtu alotua jana na hajui neno la Kiswahili aimbe na wewe kabla wimbo haujaisha, jaribu kutunga wa hivo uone kazi yake. Halafu hawakuishia hapo, 1987 wakahamia Nairobi, wakarekodi na Fundi Konde, mpiga gitaa wetu wa tangu miaka ya 40, zile nyimbo zake za zamani zikaskika upya, wakafanya taarab na mwimbaji Malika. Hao ndo wa kuwaimbia wazungu tu?

Na kupiga hotelini ni kazi bana. Kila usiku, wasikilizaji wapya, saa moja unapiga rumba, mara chakacha, mara rege, mara meneja anakuja kunong'ona kuna mzee meza ile ana besdei, na nyuzi za gitaa zinashika kutu kwa upepo wa bahari na pesa ya kununua nyengine ni yako. Vijana wangapi wa Pwani walijifundisha gitaa kwenye zile bendi? Manake shule ya muziki haikuwepo.

Kuna jambo jengine hatupendi kulisema. Kalanda, Katana, Ziro, Sarro, hayo majina ya hawa ndugu ni ya Kimijikenda, si ya Mji wa Kale. Sisemi kila anayewabeza ana ubaguzi, la, wengi wanapenda mashairi tu. Ila ukiangalia wanaopewa nafasi ya kusema huu ndo muziki wa Mombasa, ni watu wa taarab na ushairi, weita wa Bamburi alozisikia bendi kila jioni ya maisha yake ya kazi haulizwi.

Hapa ndo lile jumba la wenyewe la Rock and Roll, lile la Cleveland, Marekani, linanipa mawazo. Bendi inaweza kupendekezwa ikipita miaka 25 tangu rekodi ya kwanza, na tangu 2012 mashabiki nao wanapiga kura. Mwaka 2021 Fela Kuti wa Nigeria alipendekezwa, akapata kura za mashabiki zaidi ya laki tano, wa pili baada ya Tina Turner. Tina akaingia, Fela mwaka ule akaachwa nje. Kwa nini? Kwa sababu kura zote za mashabiki, mamilioni kwa mamilioni, zilikusanywa zikatoa karatasi moja ya kura, MOJA, yenye majina matano ya juu, nayo ikatupwa kati ya karatasi zaidi ya elfu moja za wataalamu. Yaani laki tano zote zile zikawa na nguvu ya mtaalamu mmoja tu. Ntakubali kura za simu zinachezeka, nchi yenye watu wengi na bando za kutosha ikiamua inambeba mtu wake, kwa hivo wataalamu lazima wawepo. Lakini karatasi moja jamani? Si bora wasingeulizwa kabisa.

Kwangu mimi Them Mushrooms wanaingia siku moja na Bhalo na Zein, mlango mmoja, bila foleni ya pembeni. Safari Sound, bendi nyengine ya kuwapigia watalii, ndo nasita. Kanda zao watalii walizibeba sana na walipiga vizuri mno, ila sehemu kubwa ni nyimbo za watu, Malaika ikiwemo. Fadhili William, alorekodi hiyo Malaika, aingie kwanza, kisha hao tuje tuwabishanie.