Rekodi ya Mtafiti Isomwe, Isiishie Kuhesabiwa

Kamati inayoamua iwapo mtafiti wa biolojia ya molekuli apandishwe cheo au apewe ruzuku mara nyingi huanzia kwenye namba: amechapisha makala ngapi, zimerejelewa mara ngapi, na fahirisi yake ya h, namba moja inayounganisha idadi ya makala na marejeleo yake, ni ipi. Naamini kwamba kamati inayoishia hapo haijamtathmini mtafiti huyo hata kidogo, kwa sababu haijagusa kile alichokigundua.

Fahirisi ya h ilipendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch. Mwenye makala 30 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 30 anapata 30. Hesabu yake ni nyepesi, na wepesi huo ndio ulioieneza. Hata hivyo fahirisi hii haishuki kamwe, inampendelea aliyekaa kazini miaka mingi, na mtu aliyeandika makala nne tu hawezi kuvuka 4, hata kama kila moja imerejelewa mara elfu kumi.

Idadi ya marejeleo nayo inahitaji kusomwa kwa uangalifu mkubwa zaidi kuliko tunavyoisoma. Jarida la Nature lilipochapisha mwaka 2014 orodha ya makala 100 zilizorejelewa zaidi, ya kwanza ilikuwa ile ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951, inayoeleza namna ya kupima kiasi cha protini katika myeyusho, ikiwa na marejeleo zaidi ya 300,000. Ya pili na ya tatu, za Laemmli (1970) na Bradford (1976), pia ni za mbinu za kushughulikia protini. Makala ya Watson na Crick ya mwaka 1953 kuhusu umbo la DNA haikuwamo kabisa. Sababu yake inaeleweka: anayetumia mbinu hulazimika kuitaja kila anapoandika, ilhali ugunduzi ukishaingia katika vitabu vya kiada hakuna anayehisi haja ya kumtaja mwenyewe. Lowry mwenyewe alikiri kwamba hakuiona makala yake kuwa kazi kubwa. Simaanishi kwamba mbinu ni jambo dogo, kwani bila hizo maabara zingesimama. Namaanisha kwamba marejeleo yanaonyesha zaidi matumizi, nasi tumeyafanya kipimo cha ubora.

Kinachoniuma zaidi ni muda. Mwanabiokemia Katalin Karikó alishushwa cheo mwaka 1995 alipokosa ruzuku za utafiti wake wa RNA, molekuli inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini. Makala aliyoandika na Drew Weissman mwaka 2005, iliyoonyesha kwamba kubadili kijenzi kimoja cha RNA huizuia isiamshe kinga ya mwili kupita kiasi, haikushtua wengi ilipotoka. Chanjo za UVIKO-19 zinazotumia RNA zilisimama juu ya kazi hiyo, na Tuzo ya Nobel ikaja mwaka 2023. Mwanajenetiki Barbara McClintock alisubiri zaidi: alieleza jeni zinazohamahama katika mahindi mwanzoni mwa miaka ya 1950, akatuzwa mwaka 1983. Kamati inayotazama marejeleo ya miaka mitano ya mwisho isingemwona hata mmoja wao.

Kuna pia suala la mpangilio wa majina. Katika fani hii jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyefanya majaribio mengi, na la mwisho ni la mkuu wa maabara. Walio katikati huenda walifanya uchambuzi ulioibeba makala nzima, au walitoa sampuli tu. Namba humpa kila mmoja sifa ileile.

Najua hoja ya wanakamati: maombi ni mengi, muda hautoshi. Naikubali, na ndiyo maana sidai wasome kila kitu. Mtafiti achague makala tano, aeleze kwa maneno yake ni swali gani lilijibiwa na yeye alifanya nini, kisha wanakamati wawili wazisome hadi mwisho. Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, lililotolewa mwaka 2013, lilishazitaka taasisi zithamini maudhui ya makala kuliko jina la jarida, na zizihesabu data na programu kuwa matunda ya utafiti pia. Aliyeweka muundo wa protini katika hifadhi ya wazi, au aliyezigawia maabara nyingine plasmidi zake (vipande vya duara vya DNA vinavyotumika kuhamisha jeni), apewe nafasi ya kuyaandika hayo katika ombi lake, na yasomwe pamoja na makala zake tano.