Kidole cha trafiki

Mjomba wangu kaendesha malori miaka 31, Dar kwenda Tunduma na mara nyingine anavuka mpaka Lubumbashi, kaanzia utingo, na kwa maneno yake mwenyewe hajawahi kuandikiwa faini ya spidi hata moja. Hii habari naisikia tangu nipo darasa la pili. Kwa hiyo alipokuja kututembelea Adelaide mwaka 2018 mimi na mke wangu tukaona tumtembeze, tutoke Adelaide mpaka Uluru, lile jiwe jekundu la katikati ya Australia, kama kilomita 1,600 kwenda tu, na yeye akae siti ya mbele maana ndo mkubwa. Hapo kwenye siti ya mbele ndo tulipoharibu.

Mpango ulikuwa siku ya kwanza tulale Coober Pedy, kilomita kama 850. Ni mji wa machimbo ya opali, yale mawe ya thamani, jua lake kali mpaka watu wengi wamechimba nyumba wakahamia chini ya ardhi, na mke wangu alishatafuta chumba cha huko chini, kalipa kabisa, hela hairudi, wiki tatu nzima nyumbani kwangu wimbo ni huo, tutalala chini ya ardhi tutalala chini ya ardhi. Sasa gari tumekodi, na mkataba unasema nje ya mji jua likizama huruhusiwi kuendesha, sababu kangaruu ndo muda wao wa kutoka, ukimgonga mmoja radiator huna. Hesabu ikawa rahisi tu: tuondoke saa kumi na mbili asubuhi, tutembee 110 ambayo ndo spidi ya barabara, saa kumi na moja tunakunywa chai Coober Pedy.

Mpaka Port Augusta mambo safi. Tukajaza tenki, tukaingia Stuart Highway, hiyo barabara inakwenda mpaka Darwin juu kabisa kaskazini, zaidi ya kilomita 2,700, na kuanzia hapo miti inaanza kukuaga, unabaki na udongo mwekundu, vichaka vya kufika gotini na lami imenyooka mpaka inakuwa kauzi. Robo saa hamjaona mtu. Halafu ndo ikatokea Land Cruiser kuukuu kutoka mbele, imejaa vumbi, dereva mzee ana kofia, na alipotukaribia akanyanyua kidole kimoja. Mkono haujatoka kwenye usukani, uso haujacheka, ni kile kidole cha shahada tu kimeinuka, kikashuka.

Mjomba akakaa sawa. "Punguza."

"Kuna nini mjomba?"

"Hujaona? Kakuashiria. Kidole kimoja, trafiki wapo karibu hao. Ingia hamsini."

Nikamwambia hapa spidi ni 110 na sijapita hata tisini na tano. Akaniangalia kama anavyomwangalia utingo aliyesahau kuweka jiwe nyuma ya tairi. "Wewe mtoto, barabara zote ni moja. Mwenzio kakuonea huruma kakuambia, wewe unabishana naye?"

Nikapunguza. Basi gari ya pili ikaja, pickup, kidole. Ya tatu ile mikaravani ya wastaafu, nyumba za kuvutwa na gari, mume kidole, na mke pembeni naye kidole. Mjomba akasema hii sio tochi ya kawaida ya kupima spidi, hii ni operesheni. Nikashuka mpaka sitini.

"Mjomba, hamsini inakuwa kwenye kijiji. Kijiji kiko wapi?"

"Kijiji kinakuja."

Jamani, kutoka Port Augusta mpaka Pimba ni kilomita 170 na ushee na hicho kijiji hakikuja. Mke wangu siti ya nyuma alikuwa kimya na kimya chake nakijua. Nyuma yetu likatokea lori lenye matela matatu, yale wanayaita road train, yanafika mita 53, likatupigia honi ya meli na lilipotupita gari letu likayumba na kokoto zikagonga kioo. Mjomba akatikisa kichwa akasema huyo dereva atakamatwa huko mbele tutamkuta pembeni anajieleza. Hatukumkuta. Nadhani saa hizo alishafika Coober Pedy kaoga.

Kuna kitu kingine sijakisema, nzi. Ilikuwa mwisho wa Septemba, ukifungua mlango tu hao hapo, na sio nzi wa kutua kwenye maandazi, hawa wanataka maji ya macho na ya pua, unawafukuza wanarudi palepale. Tulivyosimama kuchimba dawa mke wangu akatugawia zile nyavu za kuvaa kichwani, mjomba akavaa ya kwake akawa kama mrina asali na hakuivua tena hata ndani ya gari, akasema kuna mmoja kaingia nao anamtafuta yeye. Kwa hiyo pata picha, gari dogo jeupe linatambaa sitini katikati ya jangwa na mbele kakaa mzee kafunikwa wavu.

Pimba tumeipita muda mrefu tu, naona taa za bluu na nyekundu kwenye kioo.

Mjomba alipiga paja kofi nikashtuka nikadhani kang'atwa. "NILISEMA MIMI! Si niliwaambia wapo? Mngemsikiliza nani leo?" Yaani alifurahi kama kashinda kesi. Halafu nikamwona mkono unaelekea mfuko wa shati kule anakoweka hela ndogondogo, nikamwambia kwa meno, mjomba, toa mkono hapo, tafadhali, viza yangu.

Askari akaja dirishani, kijana mpole, akaangalia mimi, akaangalia wavu, akaniuliza mko salama? Gari ina tatizo? Nikasema hamna. Akauliza kuna mgonjwa? Hamna. Akasema madereva wa malori wamempa taarifa kwa redio kuna gari inakwenda taratibu sana na ndani kuna mtu kafunikwa kichwa, ndo kaja kuangalia. Kisha akauliza swali ambalo mpaka leo likinijia usiku nageuza mto: kwa nini unaendesha sitini?

Sikuwa na uwongo wa karibu. Nikamweleza, kwamba kila gari linanyanyua kidole na huyu mzee alikuwa dereva wa malori Tanzania na kasema maana yake ninyi mpo mbele. Yule askari aligeuka akatazama jangwa muda kidogo, mabega yanacheza. Aliporudi akasema wale walikuwa wanawasalimia. Huku watu wachache, ukikutana na gari unatoa kidole, ndo hujambo yenyewe hiyo.

Nikatafsiri. Mjomba akavua wavu taratibu. "Salamu?"

"Salamu, mjomba."

"Kilomita zote hizo walikuwa wanatusalimia na sisi hatujaitikia hata mmoja." Hapo ndo alipoumia, sio kwenye kukosea, ni kwamba tumepita kwenye nchi ya watu bila kuitikia salamu. Mtu wa Muheza, Tanga, huyo.

Faini hatukupigwa. Ila jua halikutusubiri, tukaishia Glendambo, bado kilomita kama 250 kufika Coober Pedy na katikati hapo hamna hata sheli. Pana kibao pale barabarani kinasema kondoo 22,500, nzi milioni mbili, watu 30. Tukapata chumba cha juu ya ardhi kabisa, tukakilipia upya. Mke wangu alisoma kile kibao, akamwaga chai iliyobaki kwenye chupa, akasema wakiandika upya waongeze wajinga wawili. Mjomba akaitikia, "Kweli mama."

Kesho yake hakulala hata dakika. Kila gari lililotokea yeye keshanyanyua kidole tangu liko mbali kama mbu, mikaravani, road train, pikipiki, mpaka gari mbovu lililotelekezwa pembeni halina tairi alilisalimia. Waliomjibu aliwahesabu kwa sauti. Walifika 64 tukiwa hatujaingia Coober Pedy, wawili waliomkaushia akasema hao watakuwa wageni.

Juzi kanitumia voice note. Anasema siku hizi jioni anakaa kwenye benchi pale kando ya barabara, lori likipita anawanyanyulia kidole kiustaarabu kama alivyojifunza Australia, na hawaelewi madereva wa sasa, hawajibu, wanapunguza tu mpaka hamsini na kufunga mikanda.