Kifua Kinachosikilizwa Juu ya Buibui

Lamu siku hizi ukitaja moyo barazani, utaambiwa daktari aliyekushika mkono na kukuwekea stethoskopu hajakupima. Kupimwa ni kupigwa eko, ile picha inayoonyesha vali za moyo zikifunguka na kufungwa. Wahudumu wa afya kadhaa nao wanasema hivyo hivyo: masikio na vidole vimepitwa na wakati, kila zahanati ya visiwani ipewe mashine ndogo ya kubebeka.

Hoja yao si nyepesi. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watoto wa shule Msumbiji na Kambodia. Msumbiji, kwa kuwapima watoto bila picha, walipatikana 2.3 kwa kila 1,000 wenye vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Kwa eko walipatikana 30.4. Kisha mwaka 2022 yakaja matokeo ya Uganda: watoto walioonekana kwa eko kuwa vali zao zimeanza kuharibika walidungwa penisilini mara kwa mara, na baada ya miaka 2 ugonjwa ulizidi kwa asilimia 0.8 yao tu, huku kwa wasiodungwa ukizidi kwa asilimia 8.2. Kwa mtoto wa shule asiye na dalili yoyote, basi, sina ubishi. Sikio halitoshi.

Anayenitia wasiwasi ni mama mjamzito wa Kizingitini au Siyu, kisiwani Pate. Alipokuwa mdogo aliugua koo, viungo vikavimba, ndiyo homa ile ya baridi yabisi, akapona, akasahau. Vali ya mitrali, mlango wa damu upande wa kushoto wa moyo, ikawa inabana polepole mwaka hadi mwaka. Mimba inapokua, damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu, na mlango ule mwembamba hauwezi kuipitisha. Damu inarundikana mapafuni. Mama anahema akipanda ngazi, usiku analala ameegemea mito, miguu inavimba. Akilalamika anaambiwa ni mimba hiyo, na ni kweli mwenye mimba salama naye huchoka na kuvimba miguu. Ugonjwa umejificha ndani ya hali ya kawaida.

Shingo humfichua. Alazwe chali, kichwa cha kitanda kikiinuliwa nyuzi 45, mhudumu atazame mshipa wa shingo upande wa kulia: damu ikionekana kupanda zaidi ya sentimita 4 juu ya nundu ya mfupa wa kifua, si miguu ya ujauzito hiyo. Mapigo ya mkononi yahesabiwe dakika nzima, maana mdundo usio na mpangilio haukamatwi kwa sekunde 15. Halafu ageuzwe ubavu wa kushoto, atoe pumzi aizuie kidogo, na ule upande wa stethoskopu ulio kama kikombe uwekwe taratibu pale moyo unapogonga. Mvumo wa vali iliyobana ni mzito na wa chini sana, kama ngurumo ya mbali. Ukikandamiza kikombe, unapotea. Ukikiweka juu ya nguo, unapotea.

Na juu ya nguo ndiko kinakowekwa. Nimeona chumba kisicho na pazia, foleni mlangoni, mhudumu mwanamume na mama aliyevaa buibui. Wote wawili wanaona haya. Stethoskopu inagusa kitambaa sekunde chache, kadi inaandikwa "moyo sawa". Kitambaa kimemeza sauti ya chini, na mkwaruzo wake wenyewe huweza kudhaniwa mvumo. Haya ya mama ni haki yake, simlaumu hata kidogo. Lakini tusije tukasema uchunguzi wa mkono umeshindwa pale ambapo haujafanywa. Stethoskopu yenyewe ilizaliwa na haya: mwaka 1816, Paris, René Laennec aliona vibaya kulaza sikio lake kifuani mwa mwanamke kijana, akakunja karatasi ikawa bomba.

Wanaopinga watasema wajawazito wengi wana mvumo usio na madhara, na sikio lisilo makini litawasafirisha bure. Ni kweli. Lakini mvumo huo huwa mwororo, husikika moyo ukijikaza, na shingo imetulia. Mvumo unaosikika moyo ukilegea kupokea damu haupuuzwi kamwe. Kujua tofauti hiyo kunaamua mambo mazito, kwa sababu kutoka Kizingitini mtu husubiri maji yajae, apande boti mpaka Mokowe, kisha zaidi ya kilomita 300 za barabara hadi Mombasa. Nani aondoke leo usiku, nani angoje? Hata mashine ikiwepo zahanati, lazima awepo aliyemshuku mama huyu kwanza, na aliyefunzwa kuisoma picha.

Kwa hiyo eko ipelekwe shuleni na katika hospitali kubwa, na ipelekwe haraka. Zahanati zinahitaji kitanda kinachoinuka kichwani, pazia, mwanamke wa kusimama karibu na mama, na dakika kumi ambazo foleni haitazinyakua. Leso mama anayo mwenyewe. Ajifunike nayo, ageuke kushoto, na kikombe kiguse ngozi.