Herufi Moja au Mbili Kati ya Milioni Nne

Kipindupindu kilipozuka Haiti Oktoba 2010, miezi tisa baada ya tetemeko la ardhi, maofisa wa afya wa kimataifa walisema huo haukuwa wakati wa kutafuta kilikotoka. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Anayemwekea mgonjwa dripu hahitaji kujua bakteria ametoka bara gani, na taifa linalotajwa kuwa chanzo hubaki na doa.

Lakini Haiti haikuwa imeona kipindupindu kwa karne nzima. Wagonjwa wa kwanza walikuwa karibu na Mirebalais, kisha ugonjwa ukateremka na mto Artibonite. Kwenye kijito kinachoumwagia mto huo maji palikuwa na kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa kutoka Nepal, nchi ambayo kipindupindu si kigeni. Wenyeji walikuwa wameona maji machafu yakitoka kambini. Renaud Piarroux, mtaalamu wa milipuko kutoka Ufaransa, alifuata nyayo za ugonjwa akafika palepale. Umoja wa Mataifa ukakana.

Mwaka 2011 watafiti walisoma jenomu, yaani DNA yote inayoandikwa kwa herufi, za sampuli 24 za bakteria kutoka Nepal na kuzilinganisha na za Haiti. Jenomu ya bakteria huyu ina herufi zipatazo milioni nne. Sampuli tatu za Nepal zilitofautiana na za Haiti kwa herufi moja au mbili tu. Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi. Kila bakteria anapojigawa hunakili jenomu yake yote, na makosa ya kunakili hujilimbikiza kadiri miaka inavyopita. Vizazi vilivyoachana zamani hutofautiana kwa mengi. Herufi moja au mbili ni ndugu walioachana juzi.

Wanaotilia shaka wana lao. Mwanabiolojia Rita Colwell na wenzake waliwapata wagonjwa wa Haiti waliokuwa na aina nyingine za bakteria hao, wakahoji kama mazingira yenyewe hayakuchangia. Jenomu pia huonyesha undugu, haionyeshi kosa, na hulinganishwa na zile tu zilizokwisha kusomwa. Katika kesi ya barua zilizotiwa vimelea vya kimeta na kutumwa Marekani, mwaka 2001, jopo la wanasayansi lilisema miaka kumi baadaye kwamba sayansi peke yake haikutosha kuthibitisha vimelea vilitoka chupa ipi ya maabara. Nakubali: jenomu ni shahidi mmoja, na Haiti ilikuwa na wengine waliosema vilevile kabla yake.

Nisichokubali ni kwamba kutafuta chanzo ni kutafuta wa kulaumiwa. Mwaka huohuo wa 2011, matango ya Hispania yalishutumiwa kwa mlipuko wa bakteria wa E. koli Ujerumani. Wakulima walipata hasara kubwa kabla vipimo havijaonyesha kwamba bakteria wa kwenye matango hawakuwa wale waliokuwa wakiua watu. Tuhuma ilitangulia, ulinganishaji wa bakteria ndio uliowasafisha.

Kwa Haiti, kujua chanzo kulimaanisha kujua la kurekebisha: vyoo vya kambi, na afya ya askari kabla ya safari. Karibu watu 10,000 walikufa. Agosti 2016 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba Umoja wa Mataifa una kinga, haushtakiki. Desemba mwaka huo Ban Ki-moon, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja huo, aliwaomba radhi watu wa Haiti, miaka sita baada ya wenyeji wa kando ya mto kusema walichokiona.